Mwenye Kukata Kona Ndiye wa Kungoja

(Hotuba ya mwanachama wa reli mbele ya mkutano wa tawi)



Nimepewa dakika chache niseme habari ya kuvuka barabara penye taa. Labda mtu atasema hili ni somo la watoto wa shule. Sivyo. Wengi wetu twaja kazini kwa miguu, na wengine wetu ni madereva. Katika Kenya, watu wa miguu ndio wanaokufa barabarani kwa wingi kuliko wote.

Juzi nilitoka zamu ya usiku. Nilingoja mpaka mtu wa kijani akawaka, nikashuka barabarani. Lori lililotoka nyuma yangu likakata kona kushoto, likapita mbele ya kifua changu. Dereva alinipigia kelele, nami nikampigia. Baadaye nilifahamu ya kuwa sote wawili tulikuwa na taa ya kijani.

Sisi wa reli twaona ajabu. Katika kibanda cha signali mikono ya chuma imefungamanishwa: ukiisha kuifungulia treni moja njia, mkono wa treni itakayokutana nayo haukubali kuvutwa. Taa za barabara hazikufungwa hivyo. Penye njia panda nyingi, mwenye kukata kona na mwenye kuvuka hupewa kijani pamoja, wakaachiwa wapishane wenyewe.

Tena taa hizi zilitoka kwetu. Ya kwanza ilisimamishwa London mwaka 1868, karibu na Bunge, na aliyeibuni alikuwa mtu wa reli, J. P. Knight. Ilikuwa na mikono kama signali zetu, na taa ya gesi usiku. Shabaha yake moja ilikuwa watu wa miguu wapate kuvuka.

Ndugu madereva, tusilaumiane bure. Akatae kona kulia huyakazia macho magari yanayomjia. Akipata nafasi huikimbilia, bila kutazama kivuko. Akatae kushoto hutazama kulia. Nguzo ya kando ya kioo yaweza kumficha mtu mzima. Na katika lori refu au basi, magurudumu ya nyuma hayafuati ya mbele. Hupita ndani zaidi, karibu na ukingo tuliposimama.

Lakini zamu ya kungoja ni ya nani? Mapatano ya mataifa ya Vienna ya mwaka 1968 yasema wazi: dereva anayeingia barabara nyingine penye kivuko aende polepole, awapishe wanaovuka na walio karibu kuvuka.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, wewe dereva, kabla ya kuzungusha usukani tazama kivuko, uende kwa mwendo ambao waweza kusimama. Pili, wewe wa miguu, taa ya kijani si ukuta. Tazama mbele, na nyuma ya bega lako. Tatu, halmashauri yetu iwaandikie wenye kusimamia barabara, taa ya watu wa miguu itangulie kwa sekunde chache, kama ifanywavyo New York. Hapo dereva atatukuta tumekwisha kuingia kivukoni, atuone.

Ndugu zangu, ukifa, kazini atapatikana mwingine wa kushika zamu yako. Nyumbani hawatapata mwingine.