Hesabu ya Wasiopotea

Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: Luka 15:1-7

  

Huu ni wakati wa kufunga hesabu. Katika makanisa mengi karani ametoa vitabu vyake, mweka hazina anajumlisha sadaka, na wazee wanajitayarisha kusoma taarifa ya mwaka mbele ya ushirika. Basi leo tungependa kuwasimulia habari za watu wengine waliofunga hesabu yao vizuri. Hawakuwa wahubiri. Walikuwa wachezaji wa kriketi wa kijiji kimoja huko Skotlandi.

Huenda mtu akasema, "Kriketi! Mchezo huo sisi twaujulia wapi?" Lakini sisi Wakenya hatuwezi kusema kwamba hatuujui kabisa. Wengi wenu mnaikumbuka tarehe 29 Februari 1996, katika mashindano ya Kombe la Dunia, timu yetu ilipokutana na West Indies mjini Pune, nchini India. Vijana wetu walipata mikimbio 166 tu, na watu wakadhani mambo yamekwisha. Kumbe West Indies, ambao walikuwa wamekwisha kulitwaa kombe hilo mara mbili, walitolewa wote kwa mikimbio 93. Siku ile hata mtu ambaye hajawahi kulishika gongo la kriketi alishangilia.

Mechi ile ilikuwa ya mataifa. Hii tunayotaka kuisimulia ilikuwa ya vijiji.

Kwa faida ya wasioujua mchezo huu, tueleze kidogo. Kila timu ina watu 11. Timu moja hupiga, na nyingine huurusha mpira na kuudaka. Wapigaji huingia wawili wawili, mmoja upande huu na mwenzake upande ule, na nyuma ya kila mmoja vimesimamishwa vijiti vitatu. Mpigaji ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuupiga mpira na kukimbia hadi upande wa pili, ili timu yake iongeze mikimbio. Ya pili ni kuvilinda vijiti vyake visiangushwe. Vikiangushwa, au mpira alioupiga ukidakwa kabla haujagusa chini, ametolewa. Hapo timu imepoteza wiketi moja, na mwingine aliyekuwa akingoja nje huingia mahali pake. Wakitolewa watu kumi, yule wa kumi na moja hawezi kuendelea, hata awe hodari namna gani, kwa kuwa hana tena mwenzake wa upande wa pili. Katika kriketi hapana mtu apigaye peke yake.

Sasa twende Freuchie. Hiki ni kijiji kidogo katika jimbo la Fife, chini ya vilima vya Lomond. Karibu nacho lipo jumba la Falkland, ambalo zamani lilikuwa la wafalme wa Skotlandi. Huhadithiwa kwamba mtu wa barazani akiwachukiza wakubwa aliambiwa aende zake Freuchie akale panya. Hivyo ndivyo kijiji kile kilivyodharauliwa. Nasi tukisikia hayo twamkumbuka Nathanaeli, aliyeuliza kama neno jema laweza kutoka Nazareti.

Watu wa Freuchie walianzisha chama chao cha kriketi mwaka 1908. Chama cha kijiji si kama timu kubwa za miji. Wachezaji wana kazi zao siku za juma, na mazoezi hufanywa jioni. Nyasi za uwanja lazima zikatwe, ardhi ishindiliwe, chai ya wageni iandaliwe. Na mara nyingi wanaofanya hayo ni wachezaji wenyewe pamoja na jamaa zao. Msimu huanza Aprili au Mei, baridi ikiwa haijaondoka, nao huisha Septemba. Katikati hapo mvua huharibu siku nyingi. Ninyi mnaotunza viwanja vya kanisa na kupika chai ya mikutano mnaijua kazi ya namna hiyo, ambayo haiandikwi mahali popote.

Tangu mwaka 1972 vijiji vya Uingereza, Wales na Skotlandi vimekuwa vikishindania kombe lao. Mwaka wa kwanza lilichukuliwa na Troon, kijiji cha Cornwall, kusini-magharibi kabisa. Ilipofika mwaka 1984, Skotlandi ilikuwa haijalipata hata mara moja. Kisha, mwaka 1985, Freuchie walishinda mechi moja baada ya nyingine mpaka wakafika fainali. Nayo fainali ilikuwa Lord's, mjini London, uwanja ulio mahali pale tangu mwaka 1814, ambao kila mchezaji wa kriketi duniani hutamani kuukanyaga japo mara moja. Kutoka Freuchie ni safari ya zaidi ya kilomita 600, mbali kuliko kutoka Nairobi hadi Mombasa. Walikwenda na watu wao wa kijijini, nao wakaingia uwanjani wakitanguliwa na mpiga zumari wa Kiskoti. Nahodha wao alikuwa Dave Christie, na katika timu alikuwamo pia mwanawe.

Ilikuwa tarehe 1 Septemba 1985. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, na twajua kwamba baadhi yenu mtauliza juu ya hilo. Swali ni jema, lakini tuliweke kwa siku nyingine.

Walicheza na Rowledge, kijiji cha kusini mwa Uingereza. Kila timu ilipewa ova 40, yaani mipira 240 ya kupiga. Rowledge walitangulia kupiga. Walipata mikimbio 134, kisha wote wakatolewa. Wakaingia Freuchie. Mikimbio ikaongezeka kidogo kidogo, na wapigaji nao wakatolewa mmoja mmoja, mpaka wakawa wametoka wanane. Ova 40 zikaisha. Wakatazama ubao wa hesabu: Freuchie nao walikuwa na mikimbio 134.

Sawa kwa sawa! Msimu mzima, tangu baridi ya masika yao, umefika mwisho na hesabu ni ile ile. Ni nani basi apewe kombe?

Kanuni ya mashindano ilikuwa wazi. Mikimbio ikilingana, haiulizwi tena ni nani aliyepata zaidi. Huulizwa ni nani aliyepoteza wachache. Rowledge walikuwa wamepoteza wiketi zote kumi. Freuchie walikuwa wamepoteza nane. Basi kombe likaenda Freuchie, kwa mara ya kwanza likavuka kuingia Skotlandi.

Ndugu msikilizaji, hebu tutulie hapa kidogo. Rowledge hawakuwa wavivu. Walipata mikimbio ile ile 134, kwa jasho lile lile. Mtu akihesabu mapato peke yake, hataona tofauti yoyote kati ya timu hizi mbili. Tofauti ilikuwa upande ule mwingine wa kitabu, ambako sisi hatupendi kutazama: waliopotea ni wangapi?

Turuhusuni tuungame jambo letu wenyewe. Mwaka mmoja, katika ushirika wetu, tulisoma taarifa nzuri sana. Paa la mabati lilikuwa limemalizika. Waliobatizwa walikuwa wengi kuliko mwaka uliotangulia. Deni la viti lilikuwa limelipwa. Watu wakapiga makofi, nasi tuliokaa mbele tukaona fahari. Ndipo mama mmoja mzee, aliyekuwa ameketi nyuma karibu na mlango, akasimama polepole akauliza, "Wazee, na yule kijana aliyekuwa akitupigia ngoma ya kwaya, yuko wapi siku hizi?"

Tulitazamana. Karani akafunua kitabu. Jina lilikuwamo bado. Lakini hakuna aliyejua. Kwaya walidhani wazee wanajua, na wazee walidhani kwaya wanajua. Baadaye, kwa kuulizauliza, tukapata habari. Kijana alikuwa ameachishwa kazi wakati wa mvua za masika. Alikuwa ameahidi mchango wake wa paa, akashindwa kuutimiza. Na Jumapili moja sisi tulisoma mbele ya watu wote majina ya wale ambao hawajatimiza ahadi zao. Jina lake lilikuwa la tatu. Tangu siku ile hakuonekana tena.

Mwaona, wapendwa? Lile paa tulilolipigia makofi ndilo lililomtoa. Tulikuwa tukiongeza mikimbio, na vijiti vyetu vimeanguka, wala hatukusikia.

Wazee wawili kati yetu walifunga safari kumtafuta. Walimpata katika mji mwingine, akifanya vibarua. Aliwapokea kwa heshima, akawaagizia chai na mandazi, nao wakamwomba radhi. Akanyamaza kitambo. Kisha akawauliza, "Wazee wangu, mlijua lini kwamba sipo?"

Hawakuwa na la kumjibu. Ilikuwa imepita miezi saba.

Hatuwezi kuwaambia asubuhi hii kwamba alirudi na ngoma yake, na kila kitu kikawa kama zamani. Hajarudi. Ila sasa twajua anakoishi, na kila tupitapo mji ule twamtembelea. Na majina ya wasiotoa hayasomwi tena katika kanisa letu.

Katika somo letu la leo Bwana Yesu anamsimulia mchungaji mwenye kondoo mia. Je, angehesabu mapato tu, angefadhaika? Tisini na tisa ni kundi kubwa. Hata sokoni bei yake ni nzuri. Lakini mchungaji yule alihesabu pia upande wa pili, akaona pengo la mmoja, akaenda nyikani. Tena soma Yohana 17:12. Usiku ule wa mwisho, Bwana wetu alipomwomba Baba yake, alitoa kama taarifa ya kazi yake. Hakutaja maelfu aliowalisha mikate. Hakutaja vipofu wala wenye ukoma. Aliwataja wale aliopewa, kwamba amewatunza. Na yule mmoja aliyepotea alimtaja pia, wala hakumficha.

Mtu asituelewe vibaya akafikiri kwamba kazi ni kukaa na kulinda tu. Mtumishi aliyeifukia talanta yake alilinda sana, naye hakusifiwa. Freuchie nao walipata mikimbio 134. Pasipo mikimbio ile, wiketi zao zisingewafaa kitu. Tujenge, tubatize, tulipe madeni. Lakini kabla ya kupiga makofi, tugeuze ukurasa.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ni lako wewe uliye mgonjwa, au mzee, au uliye nyumbani unamuuguza mtu, unayefikiri kwamba mwaka huu haukufanya lolote. Timu ya kriketi ina watu 11. Freuchie wametolewa wanane. Basi walibaki wangapi? Watatu. Wawili walikuwa uwanjani na magongo yao mikononi. Wa tatu alikuwa nje, akingoja zamu yake ya kupiga, na zamu hiyo haikufika. Hakuongeza hata mkimbio mmoja. Lakini ubao wa hesabu ulipotazamwa, naye alihesabiwa. Kuwapo kwake bila kupotea kulikuwa sehemu ya ushindi. Ndugu, ikiwa mwaka huu huna la kuonyesha ila kwamba ungali unamshikilia Bwana, usijidharau. Wewe u katika hesabu.

Basi wiki hii, kabla karani hajakifunga kitabu, tuombe tukione. Tupitishe kidole juu ya majina, pole pole, moja moja. Tutakapofika kwenye jina ambalo hatujui mwenyewe yuko wapi, tusiliruke. Tuvae viatu. Na tukimpata, tusianze na habari za mchango. Tuanze na kumwambia kwamba tumeona hayupo.

Tuombe.

Ee Bwana, Mchungaji wetu, twakushukuru kwa yote uliyotupa mwaka huu. Utusamehe kwa wale tuliowaacha waondoke nasi tukishangilia mambo mengine. Utukumbushe majina yao. Utupe miguu ya kuwafuata, na ulimi wa kuomba radhi. Uwatie nguvu wanaongoja vitandani na majumbani, wajue kwamba hukuwasahau. Na mwisho wa msimu wetu sote, utukute tungali pamoja. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.