Kwa Nini Kila Baada ya Saa Nane?

(MUZIKI WA KUFUNGUA. UNASHUSHWA POLEPOLE.)

MTANGAZAJI: Wapenzi wasikilizaji, mlio Uvira, Baraka na Fizi, nanyi mlio ng'ambo ya ziwa, Kigoma na kambini Nyarugusu, karibuni tena katika kipindi chetu cha afya. Leo tuko na dada yetu mfamasia, yule anayekaa dirishani akitugawia dawa. Ameomba azungumze kuhusu jambo linalomsumbua kila siku. Dada, karibu.

MFAMASIA: Asante kaka. Hamjambo wasikilizaji? Shikamooni wazee wetu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimpa baba mmoja amoksilini kwa ajili ya kifua. Nikamwambia kama tulivyozoea kusema: "Mzee, meza kidonge kimoja kila baada ya saa nane." Akaitikia vizuri, akaenda zake. Baada ya siku nne akarudi, kifua bado, homa bado. Nikamuuliza anamezaje. Akanijibu bila wasiwasi: "Saa nane mchana kimoja, saa nane usiku kimoja. Namwamsha mjukuu aniangalizie saa kwenye simu."

Alikuwa mtiifu kuliko wagonjwa wangu wengi. Mimi ndiye sikusema vizuri. Nilitaka ameze mara tatu kwa siku, yeye akameza mara mbili. Tangu siku hiyo sisemi tena "saa nane". Nasema: asubuhi saa kumi na mbili, mchana saa nane, usiku saa nne, na ninaandika juu ya pakiti. Asiyejua kusoma namchorea jua na mwezi.

Lakini yule mzee aliniuliza swali ambalo sijalisahau. "Binti yangu, dawa ni ile ile. Nikimeza mara mbili au mara tatu, kuna tofauti gani? Si ipo tumboni?" Hapo ndipo penyewe. Haipo. Dawa haikai mwilini ikitungoja. Inaondoka tangu dakika ile inapoingia.

Chukueni dumu la maji, au bidoni kama wanavyosema ndugu zetu wa Uvira, lenye tundu dogo kwa chini. Likijaa, maji yanatoka kwa nguvu. Likifika nusu, yanatoka taratibu zaidi. Likikaribia kuisha, yanadondoka tu. Dawa nyingi zinatoka mwilini hivyo hivyo. Kila dawa ina muda wake wa kupungua nusu. Kama kwenye damu kuna mia, ukipita muda huo inabaki hamsini. Ukipita tena, ishirini na tano. Halafu kumi na mbili na kidogo, halafu sita, halafu tatu. Kwa hiyo ikipita mizunguko mitano, karibu yote imekwenda. Muda wa amoksilini kupungua nusu ni kama saa moja tu. Hesabuni wenyewe yule mzee alikuwa na nini kifuani ilipofika saa nane usiku. Wadudu walikuwa wamepumzika kwa masaa mengi bila kuguswa.

Nani anatoboa hilo tundu? Ni ini na figo. Mwili hauijui dawa kama rafiki, unaijua kama mgeni asiyealikwa. Dawa zenye asili ya mafuta haziwezi kutoka kwa mkojo zikiwa hivyo zilivyo, basi ini linazibadilisha ziweze kuyeyuka majini. Nyingine linazisukuma pamoja na nyongo zitoke na choo. Figo nazo zinachuja. Kwa mtu mzima mwenye afya, figo zinachuja kama lita 180 kwa siku, yaani madumu tisa ya lita ishirini, na karibu maji yote yanarudishwa kwenye damu. Kinachobaki ndicho mkojo.

Kuna habari ya kweli inayoonyesha figo zinavyofanya haraka. Mwaka 1941, mjini Oxford, Uingereza, askari polisi aitwaye Albert Alexander alikuwa anakufa kwa maambukizi yaliyoanzia usoni. Madaktari wakampa penisilini, ambayo ilikuwa mpya kabisa na ilipatikana kidogo sana. Akaanza kupata nafuu, homa ikashuka. Lakini walimpa dawa, na muda mfupi baadaye nyingi ilikuwa kwenye mkojo. Ilikuwa adimu kiasi kwamba waliukusanya mkojo wake, wakaitoa penisilini humo, wakamchoma tena. Hata hivyo ikaisha kabla wadudu hawajaisha. Ugonjwa ukarudi, akafariki mwezi Machi. Dawa ilifanya kazi. Haikukaa muda wa kutosha, basi.

(MUZIKI MFUPI.)

Sasa nije kwenye malaria, maana huku kwetu ndiko tunakoumia zaidi.

Vidonge vya mseto, vile vya njano, vina dawa mbili ndani yake: artemeta na lumefantrini. Artemeta ni mkali lakini hakai. Nusu yake inaondoka ndani ya saa mbili tatu. Anaingia, anaua vimelea wengi mno, anatoka. Lumefantrini ni mpole lakini anakaa, nusu yake inachukua siku kadhaa kuondoka. Kazi yake ni kufagia wale waliosalia. Ndiyo sababu mtu mzima anapewa vidonge 24: vinne kwa mara moja, mara sita, kwa siku tatu. Dozi ya pili ni baada ya masaa manane kutoka ile ya kwanza. Ya tatu ni ikitimia siku moja kamili tangu ya kwanza, na zinazobaki ni kila masaa kumi na mawili. Ukianza saa nne asubuhi, ya pili ni saa kumi na mbili jioni, na kuanzia kesho yake ni saa nne asubuhi na saa nne usiku, mpaka ziishe.

Alikuja mama mmoja, kipimo kikaonyesha malaria, nikampa vidonge vyake 24. Nyumbani akamkuta mume naye anatetemeka. Wakagawana, kumi na mbili kwa kumi na mbili. Sitawacheka. Foleni ya kituo ni ya kutwa nzima, na mtu unayempenda analala chini akitetemeka. Siku ya pili wote wawili waliamka wazima, wakaenda shambani. Waliona wameshinda. Kumbe kilichowainua ni artemeta, na artemeta alikwishatoka. Lumefantrini walipata nusu tu, tena walimeza kwa chai kavu, ilhali lumefantrini inaingia vizuri kwenye damu ikikutana na mafuta: maziwa, karanga, sombe yenye mawese, hata kidogo tu. Majuma matatu baadaye mama akarudi akiwa amebebwa. Alikuwa na ujauzito wa miezi sita. Yeye alipona. Mtoto hakumpata.

(KIMYA KIFUPI.)

Naendelea. Mwaka 2020 watafiti walichapisha taarifa kwamba Rwanda kuna vimelea vyenye badiliko linalovifanya vichelewe kufa kwa dawa za jamii ya artemeta. Mwaka 2021 habari kama hiyo ikatoka kaskazini mwa Uganda. Huko si mbali, na mbu hana haja ya kibali cha kuvuka mpaka. Kimelea akionja dawa kidogo asife, huyo ndiye atakayezaa. Kwa hiyo baba akianza kutetemeka, msigawane. Aje. Akishindwa kutembea, tumeni mtoto aniite, au muiteni mhudumu wa afya wa jirani, wengi wao wana vipimo. Na mtu akitapika ndani ya saa moja tangu kumeza, arudie dozi hiyo, kisha aje achukue nyingine ya kufidia.

Kuna kosa la upande wa pili, la kujaza dumu haraka kuliko tundu linavyotoa. Hapo nasema parasetamoli. Naisikia kila wiki: "Homa haijashuka, nikamwongezea." Mtu mzima, vidonge viwili vya miligramu 500, kila masaa sita, visizidi vinane kwa siku. Mtoto ni kwa uzito wake. Na muangalie: Panadol ni parasetamoli, na dawa nyingi za mafua za madukani zina parasetamoli ndani. Ukimeza vyote umemeza mara mbili.

Ini linapoivunja parasetamoli, sehemu ndogo inageuka sumu. Ini lina akiba yake ya kuizima. Ukizidisha, akiba inaisha, na sumu inaanza kuliunguza ini lenyewe. Ubaya ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza kujisikia kichefuchefu tu, au asisikie kitu. Siku ya pili na ya tatu ndipo maumivu yanakuja chini ya mbavu za kulia, macho yanakuwa ya njano. Dawa ya kuliokoa ini ipo hospitalini, na inasaidia zaidi ikianza ndani ya masaa manane. Mtoto akinywa chupa nzima ya sharubati, msingoje augue. Njooni na chupa yenyewe.

Mtoto mchanga tundu lake ni dogo sana, ini na figo bado havijakomaa. Mwaka 1959 madaktari walieleza jinsi watoto wachanga walivyogeuka rangi ya kijivu na kufa kwa kloramfenikoli, kwa sababu ini lao halikuweza kuiondoa. Kwa hiyo "nusu ya kidonge cha mkubwa" si kipimo cha mtoto. Wazee na wenye shida ya figo nao wanahitaji kupunguziwa dozi nyingi.

Kinyume chake kipo pia. Rifampisini, ile ya kifua kikuu inayogeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, inalichochea ini lifanye kazi kwa haraka, na tundu linapanuka hata kwa dawa nyingine. Akina mama mnaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, au kijiti cha mkononi, nguvu zake zinaweza kupungua mkiwa kwenye rifampisini. Msiache dawa ya kifua kikuu! Mwambieni muuguzi awabadilishie. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi haviathiriwi.

Na mitishamba, kwa kuwa najua mtaniuliza: inapita kwenye ini lile lile. Sitagomba. Niambieni tu dirishani mnakunywa nini, hata kama kuna watu nyuma yenu kwenye foleni. Mkitaka, semeni kwa sauti ya chini, nitasogea.

MTANGAZAJI: Dada, na yule mzee wa saa nane?

MFAMASIA: Alirudia dozi kuanzia mwanzo, mara tatu kwa siku. Alipona. Siku hizi akija kuchukua dawa ya mtu yeyote wa nyumbani kwake, haondoki mpaka nimchoree jua na mwezi.

(MUZIKI WA KUFUNGA.)