Herufi Moja Yenye Mzigo Mkubwa

Leo nataka kusema nanyi juu ya herufi moja ya Kiingereza, nayo ni "a". Wanafunzi wengi huidharau, wakidhani kwamba iwepo au isiwepo, maana ni ile ile. Sivyo.

Mtu wa Ugogo akichungulia ghalani mwezi wa Februari, na shamba bado bichi, husema, "Nina nafaka kidogo." Maneno haya yana maana mbili: ama nafaka ipo, ingawa si nyingi, ama ni haba, nayo haitatosha. Sisi tumwonapo usoni twajua maana ipi. Bali Mwingereza huzitenga kwa herufi ile. "I have a little grain": ipo, nami nina tumaini. "I have little grain": haitoshi, nami nina hofu. Kadhalika kwa vitu vihesabikavyo: "a few goats" ni mbuzi wachache waliopo, "few goats" ni upungufu wa mbuzi.

Katika nchi yetu kavu, jambo hili si la darasani tu. Wazee waliiita Mtunya ile njaa kuu ya miaka ya 1917 hata 1920, baada ya majeshi ya Vita Kuu kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, na mvua nayo kukosekana. Fikirini basi kijiji chenye njaa kikiwaandikia wageni wasiojua Kiswahili, "We have a little grain." Msomaji atasema, "Hawa wanacho cha kusukumia siku. Tuwasaidie wengine kwanza."

Mtego wa pili ni "must not". Mwanafunzi hujua kwamba "must" ni lazima na "not" ni si. Basi huviunga, akapata "si lazima". La! Tangazo la mnada likisema, "You must not bring calves," maana yake ni marufuku kuleta ndama. Likisema, "You need not bring calves," hapo ndipo si lazima; apendaye na alete. Anayeyachanganya haya aweza kutozwa faini, naye akadhani ameonewa.

Basi, chukueni kalamu mwandike kwa Kiingereza, kwa njia mbili, "Kisimani mna maji kidogo." Kisha mwulizane: kwa ipi mtu atateremsha ndoo, na kwa ipi atatafuta kisima kingine?