Barzilai na Pikipiki Mbili

Somo: 2 Samweli 19:31–40

  Wale ambao hawakuamka salama, walio hospitalini au walio kitandani nyumbani, Bwana na awe karibu nao asubuhi hii.

Leo nataka tuzungumze juu ya kuchagua. Sisemi juu ya kuchagua kati ya wema na uovu, maana hapo kila Mkristo aijua njia, ijapokuwa haifuati siku zote. Nasema juu ya kuchagua kati ya mambo mawili yaliyo mema, wakati ambapo nguvu zetu si zile za jana.

Hapa kwetu katika milima ya Taita yuko mwinjilisti mmoja mzee. Ameniruhusu niyasimulie haya, mradi nisimtaje jina. Umri wake ni miaka 69, na ameendesha pikipiki tangu mwaka 1984. Kwa karatasi amestaafu, lakini kwa miguu hajastaafu. Ninyi mnaoijua barabara ya kutoka Mwatate kupanda Wundanyi mwajua jinsi lami ile inavyojikunja kona baada ya kona. Basi kazi ya mzee huyu huanza pale lami inapoishia. Yake ni njia ya udongo mwekundu, iendayo kwenye makanisa madogo ya juu, mahali ambapo mwezi wa Julai ukungu hukaa mpaka saa nne, na masika yakinyesha udongo huteleza kama sabuni. Kwa pikipiki amepeleka huko Biblia, vyombo vya Meza ya Bwana, dawa, na wagonjwa. Siku moja alibeba jeneza la mtoto mchanga kwenye keria, kwa kuwa hapakuwa na gari.

Mwaka jana pikipiki yake ilikufa kabisa. Fundi alisema injini haifai tena kutengenezwa. Wakristo wakachanga. Akina mama waliuza mboga na mayai, vijana wakabeba mawe ya ujenzi kwa malipo, na baada ya miezi saba tukawa na fedha za pikipiki moja. Nikashuka naye mpaka Voi, dukani.

Mle dukani akazitenga mbili. Ya kwanza ilikuwa ndefu, ya njia mbaya: kiti kiko juu, tairi zina meno makubwa, na injini imeinuliwa mbali na mawe. Ilifanana na zile alizozipanda tangu ujana wake. Ya pili ilikuwa fupi na nyepesi, kama hizi za boda boda, nayo huwashwa kwa kubonyeza swichi, bila kupiga teke. Bei zao zilikaribiana.

Mzee akapanda ile ndefu. Mimi nilisimama kando nikaitazama miguu yake. Vidole tu ndivyo vilivyogusa sakafu. Kwa kijana hilo si neno. Lakini kila mwendeshaji ajua ya kuwa pikipiki haimwangushi mtu akiwa mbioni tu. Humwangusha pia inaposimama kwenye mteremko, tangi limejaa, mzigo uko nyuma, na mguu unatafuta ardhi usiipate. Ikianza kulala, kijana huizuia kwa paja na kwa mgongo. Mzee aliyeendesha miaka 40 huiona hatari mapema kuliko kijana, lakini mwili wake huijibu baadaye.

Nikamwambia, "Mzee wangu, chukua hii ndogo." Hakunijibu. Nikadhani ni kiburi. Nikaanza kumweleza habari za goti lake, na habari za macho yake wakati wa usiku, kana kwamba goti na macho ni vyangu. Kisha nikasema neno ambalo nalijutia hata leo. Nilimwambia kwamba labda wakati umefika aache pikipiki kabisa, apande matatu kama wazee wenzake.

Akashuka, akaketi juu ya benchi. Akasema polepole, "Kasisi, wadhani naupenda urefu wake? Hii ndogo haitafika kule juu wakati wa mvua. Nikiichukua, nimeliacha lile kanisa."

Ndipo nikaelewa. Kanisa lile la juu kabisa yeye ndiye aliyelianzisha chini ya mti, mwaka 1987, kwa watu kumi na mmoja. Wanne kati yao amewazika yeye mwenyewe. Mimi niliona pikipiki mbili, lakini yeye aliona nyuso za watu.

Kisha akaniambia jambo ambalo hata mkewe hakulijua. Masika ya mwaka ule alianguka katika njia hiyo. Hakuumia sana, lakini pikipiki ilimlalia mguu, naye hakuweza kuiinua. Alilala matopeni karibu saa nzima, mpaka wakapita watoto wa shule. Wakaiinua, wakamfuta matope, naye akawasihi wasiseme. "Zamani naliiinua peke yangu," akasema. "Siku ile nilimwomba Bwana anipe nguvu za kuiinua. Yeye akanipa watoto."

Ndugu msikilizaji, sasa tumtazame Barzilai. Mfalme Daudi alipomkimbia mwanawe Absalomu na kuvuka Yordani akiwa amechoka, mzee huyu pamoja na wenzake walimletea malazi, vyombo, nafaka, asali na kondoo. Vita vilipokwisha, mfalme akataka kumlipa. Akamwalika aende naye Yerusalemu, akae karibu naye, atunzwe huko. Ni mwaliko mwema, nao watoka kwa mfalme! Lakini Barzilai ana miaka 80. Akajipima. Akasema wazi ya kuwa ulimi wake hauonji tena ladha ya chakula, na masikio yake hayasikii tena vizuri sauti za waimbaji. Hakuona haya kuyasema hayo mbele ya mfalme. Akaomba amsindikize mfalme ng'ambo ya Yordani, mwendo mfupi tu, kisha arudi mjini kwake.

Angalieni mambo mawili. Kwanza, Barzilai hakukataa kwenda kabisa. Alikwenda kadiri ya nguvu zake, wala hakuuacha mwendo mfupi kwa sababu hakuuweza mrefu. Pili, hakuiacha nafasi yake wazi. Alimtoa Kimhamu aende badala yake. Mfalme hakukasirika. Alimbusu mzee, akambariki. Na miaka mingi baadaye, Daudi alipokuwa karibu kufa, aliagiza wana wa Barzilai watendewe mema. Utumishi wa mzee yule haukusahauliwa eti kwa sababu ulikoma mtoni.

Pale kwenye benchi sikuwa na ujasiri wa kumhubiria mzee wangu. Nilimwomba radhi tu. Akanyamaza kitambo, kisha akainuka, akapanda ile ndogo. Nyayo zake zote mbili zikakaa sakafuni. Akasema, "Tuchukue hii. Lakini tafuta kijana wa kule juu, nami nitamfundisha njia."

Nisiwadanganye, mambo hayakuwa rahisi. Baadhi ya Wakristo wa kanisa lile walilia, na wengine walinilaumu mimi. Kijana tuliyempata hana pikipiki bado. Hupanda kwa miguu muda wa saa mbili. Lakini mzee alitembea naye njia yote wakati wa kiangazi, akimwonyesha mahali ambapo ukingo hubomoka mvua ikinyesha, na nyumba ya mjane asiyeweza kufika ibadani. Kwa siku ile atakapopata pikipiki, amekwisha kumfundisha kushuka mteremko kwa gia, asitegemee breki peke yake. Yeye mwenyewe ahudumia makanisa matatu ya chini. Na mara moja kwa mwezi, njia ikiwa kavu, huenda kwa pikipiki yake ndogo mpaka kwenye kijito, huiacha pale, nao watu wake wa zamani humshukia. Huomba pamoja kando ya maji, kisha kila mtu hurudi kwake.

Wazee wangu mnaonisikiliza, kupunguza mwendo si kumwacha Bwana. Huenda leo wakupasa kutoa ufunguo wa hazina ya kanisa, au kiti cha baraza, au shamba la mbali, au pikipiki ndefu. Mwambie Mungu kweli juu ya goti lako. Yeye alijua kabla yako. Tena usikae matopeni ukiwasihi watoto wasiseme.

Vijana, msimcheke mzee apandaye pikipiki fupi. Mwulizeni njia. Yerusalemu kulihitaji Kimhamu, na mara nyingi Kimhamu ndiye anayekosekana.

Nasi tulio katikati, wenye miaka arobaini na zaidi, tujihadhari na ndimi zetu. Tusiwaambie wazee wetu waache yote kwa sababu wameshindwa na moja. Tukae kwanza nao kwenye benchi, tusikie ni nani wanaoogopa kuwaacha. Na siku yetu pia iko njiani.

Tuombe.

Ee Bwana, wewe uliyetuita tukiwa na nguvu, usituache nguvu zikipungua. Wape wazee wetu moyo wa kujipima bila aibu, na vijana wetu utayari wa kuvuka mto. Utusamehe maneno tuliyowaambia kwa haraka. Uwalinde wote walio barabarani leo, katika kila kona na kila mteremko. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.