Kiti na Neno Tulilopeana



Tumealikwa tuzungumze juu ya maadili ya uongozi, nasi tumeonelea heri tuanze pale ambapo wengi wetu huona haya kugusa, yaani tamaa ya kiti. Hatuoni dhambi yoyote mtu kutaka ubunge, uwakilishi wa wadi au hata urais. Asiyekitaka kiti hana sababu ya kutembea vumbini miezi sita akiomba kura. Linalotushughulisha sisi ni jinsi anavyowatendea wenzake anapokitafuta.

Tuyakumbuke ya 1992. FORD ilianzishwa Agosti 1991 na wazee sita, wakiwemo Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro na Martin Shikuku, wakati ambapo kukutana tu kulikuwa hatari. Desemba mwaka huo Kifungu cha 2A kikafutwa. Kabla ya mwaka kupita, FORD ilikuwa imepasuka: FORD-Kenya ya Jaramogi huku, FORD-Asili ya Kenneth Matiba kule, na Mwai Kibaki tayari alikuwa na DP yake. Tarehe 29 Desemba 1992 Rais Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Wapinzani wake watatu wakuu walipata, kwa jumla, zaidi ya asilimia 60. Uchaguzi ule ulijaa dosari, wala hatuwaondolei watawala wa siku zile lawama hata kidogo. Lakini mpasuko wa FORD haukutiwa saini na mkuu wa wilaya.

Kisha ikaja 2002. Vyama vilivyoungana kuwa NARC viliandikiana mkataba wa maelewano juu ya kugawana madaraka, na Desemba wananchi wakaipa NARC ushindi mkubwa. Serikali haikukaa sana kabla upande mmoja haujalalamika kwamba umenyimwa ulichoahidiwa. Katika kura ya maamuzi ya Novemba 2005, mawaziri waliipinga serikali yao wenyewe hadharani, serikali ikashindwa, na Rais akalivunja baraza zima la mawaziri.

Sisi mawakili huulizwa mara nyingi: je, mkataba ule ungeshikika mahakamani? Kwetu hilo ni swali la pili. La kwanza ni kama kila aliyetia saini alikusudia kuutimiza wakati kalamu ilipokuwa mkononi mwake. Anayetia saini huku moyoni amekwisha kuutafuta mlango wa kutokea, amechukua jasho la mwenziwe kwa hila. Mwenziwe amemzungukia nchi nzima akimnadi, ameacha kugombea, amewaomba watu wake wamwamini. Na wapiga kura je, ambao mkataba wenyewe hawakuwahi kuuona?

Leo Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inataka mikataba ya miungano iwasilishwe kwa Msajili wa Vyama, na Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 inamdai kiongozi uadilifu. Ni sheria njema. Hata hivyo hazifiki sebuleni saa nne za usiku, ambapo mgombea humwambia mwenziwe, "Niachie awamu hii, nami nitakuunga mkono ijayo," hali amekwisha kumwahidi mwingine maneno yayo hayo.

Basi ninyi mnaotafuta tiketi mwaka huo wa uchaguzi ukifika, tunawaombeni hivi. Kabla hujamwomba mwenzio akuachie nafasi, mweleze mbele ya mashahidi utakachompa, na usichoweza kumpa pia. Cheo kimoja usikiahidi kwa watu wawili. Ukishindwa kwa haki katika mchujo ambao uliapa kuyaheshimu matokeo yake, usimwendee mshindi na salamu za pongezi mchana, kisha usiku ukawatuma vijana wake wamhujumu. Na hali ikibadilika, ikawa ahadi uliyoitoa haitawezekana tena, nenda kwake mwenyewe, kwa miguu yako, umwambie kabla hajalisikia redioni.