Siku Moja Matheran, Mji Usioingia Magari

Matini ya mazungumzo mbele ya wahudumu wa utalii, wafanyabiashara wa sokoni na waendeshaji bodaboda



Kila mwaka Wakenya wengi huenda India kutafuta matibabu, na kila mgonjwa huwa na msindikizaji. Msindikizaji ndiye mtu mwenye siku nyingi za kungoja kuliko wote. Hungoja majibu ya vipimo, hungoja daktari apite, hungoja mgonjwa apate nguvu za kupanda ndege. Basi chukulieni mfano wa shangazi na mpwa wake walioko Mumbai, mapema mwaka 2025. Mgonjwa ni ndugu yake shangazi, baba mzazi wa yule kijana. Upasuaji umekwenda salama, majibu yatatoka keshokutwa, na mgonjwa mwenyewe amechoka kukodolewa macho. Anawaambia waende wakanyooshe miguu.

Saa nne usiku kijana anafungua simu yake.

"Shangazi, kuna mji wa mlimani hapa karibu. Kesho alfajiri twende, jioni tumerudi."

"Mlimani? Mwanangu, haya magoti yangu unayajua."

"Kuna treni ndogo inayopanda hadi juu."

"Kama kuna treni, haya. Lakini baba yako aachiwe chai ya asubuhi."

Mji wenyewe ni Matheran. Uko katika jimbo la Maharashtra, kwenye mlima wa kama mita 800 kutoka usawa wa bahari, kimo ambacho mtu wa Wundanyi hatakistaajabia. Jina lake kwa Kimarathi hufasiriwa kuwa msitu ulio kichwani, yaani juu ya kilele. Vitabu vya zamani husema uligunduliwa Mei 1850 na Hugh Poyntz Malet, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Thane. Wadhangar na Wathakur, watu wa milima hiyo, walikuwa wakiishi na kuchunga huko kabla yake, kwa hiyo neno hilo la kugundua lipokeeni kwa tahadhari ileile mnayoipokea nayo habari ya mzungu aliyegundua Mlima Kenya. Ukweli ni kwamba maofisa na matajiri wa Bombay walitaka mahali pa kukimbilia joto, wakajenga nyumba zenye baraza pana chini ya miti.

Safari huanza katika stesheni kuu ya Mumbai, Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus, jengo la enzi ya ukoloni ambalo UNESCO ililiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004. Nauli ya treni ya kawaida ni ndogo mno. Mpaka Neral, chini ya mlima, ni kilomita zisizozidi 90 na muda wa saa mbili hivi. Treni hizo zina mabehewa ya wanawake peke yao, basi shangazi anapanda lake, kijana lake, wanakubaliana kukutana Neral. Shangazi ndiye anayepata kiti.

Neral wanakuta foleni. Treni ndogo ya kupanda mlimani ina viti vichache na siku za wikendi hujaa upesi. Hapa ndipo safari isiyopangwa inapodai ushuru wake, na mtu akiuliza ushauri aambiwe wazi: ukitaka treni hiyo, nenda siku ya kazi na ufike mapema. Reli yake ina upana wa milimita 610 tu. Reli yetu ya zamani, ile iliyojengwa kutoka Mombasa kuanzia 1896, ni ya mita moja, na SGR ni milimita 1,435. Hiyo ya Matheran ilianza kujengwa 1904 ikafunguliwa 1907 kwa fedha za familia ya Adamjee Peerbhoy, mfanyabiashara Bohora wa Bombay. Mabohora wakazi wa Mombasa wanawajua. Ni jamii hiyohiyo aliyotoka A. M. Jeevanjee, aliyeleta vibarua kutoka India kujenga reli yetu, na ambaye bustani yake iko katikati ya Nairobi hadi leo. Njia ya Matheran imejikunja mlimani kwa kilomita kama 21, na handaki lake ni fupi hata wasafiri wamelibandika jina la busu moja. Mvua nayo haiionei huruma. Mafuriko ya Julai 2005 yaliibomoa ikakaa mpaka 2007, mvua za 2019 zikaiharibu tena, na huduma ya kutoka Neral ikarejea Oktoba 2022. Wakati wa masika ya huko, kuanzia Juni, sehemu ya chini husimamishwa.

Kijana na shangazi wanakosa tiketi. Wanapanda teksi ya kuchangia, kama matatu ya watu wachache, inazunguka kona baada ya kona kwa muda wa nusu saa hivi mpaka mahali paitwapo Dasturi. Hapo magari yote yanakoma. Teksi inakoma, gari la tajiri kutoka Mumbai linakoma, pikipiki inakoma. Kuna uwanja wa kuegesha, kuna kibanda cha kulipia ada ya kuingia mjini, na mbele yake njia ya udongo mwekundu inaingia msituni. Sokoni ni karibu kilomita tatu kutoka hapo.

Serikali ya India iliutangaza Matheran na vilima vyake kuwa eneo nyeti la mazingira mwaka 2003, na magari hayaruhusiwi mle ndani. Wanaoachiwa ni gari la wagonjwa na la zimamoto. Kitu cha kwanza anachokigundua mgeni ni masikio yake mwenyewe. Anasikia majani, kwato, mtu akikohoa mbali. Wengi wenu mmefika Lamu, mji wa kale ulioingia orodha ya UNESCO mwaka 2001, na mnajua punda akipita kichochoroni mnajibanza ukutani. Matheran ni hivyo, ila punda wamekuwa farasi na bahari imekuwa bonde.

Sasa magoti ya shangazi. Kutoka Dasturi kuna njia nne za kufika sokoni, ukiacha kale katreni kanakofanya safari fupi za kwenda na kurudi kutoka stesheni ya Aman Lodge, ambako leo foleni yake imeshafika njiani. Kuna kutembea. Kuna farasi, anayeongozwa na mwenyewe kwa kamba. Kuna tuktuk chache za betri. Na kuna riksho ya mkono, kigari cha magurudumu mawili chenye kiti cha abiria, kinachovutwa na mwanamume mbele huku wenzake wakisukuma nyuma. Farasi shangazi hamtaki. Tuktuk za betri zimejaa. Wanaume wa riksho wanamwonyesha kiti, wamekipangusa vumbi.

"Watu wanivute kama gunia?" anamwambia kijana. "Hapana, baba. Tutatembea polepole."

Mvutaji haelewi Kiswahili lakini anaelewa kichwa kinachotikiswa. Amekosa nauli. Huyo ni mtu aliyeshuka kitandani alfajiri kungoja abiria mwenye magoti mabovu, na abiria mwenyewe, kwa huruma yake, amempita. Heshima aliyopewa haitanunua unga. Kila anayewahi kufika Dasturi akiwa na moyo wa kibinadamu amepitia jambo hili, na hakuna jibu jepesi kwa abiria mmoja mmoja. Jibu lake lilitafutwa mahakamani.

Wavutaji wenyewe ndio waliolipeleka suala hilo Mahakama ya Juu ya India, wakiomba ruhusa ya kuendesha tuktuk za umeme. Walikuwa 94 wenye leseni. Mei 2022 mahakama iliruhusu majaribio, na mwishoni mwa mwaka huo tuktuk za kwanza zikaanza kupita. Watoto wa shule waliokuwa wakitembea kilomita kadhaa kila siku wakawa miongoni mwa waliofaidika. Baadaye mahakama ikasema vyombo hivyo 20 vya majaribio viwe mikononi mwa wavutaji wa zamani, maana wao ndio waliokuwa wakipoteza kazi.

Wenye farasi walipinga. Farasi wa Matheran ni zaidi ya 400, na nyuma ya kila farasi kuna familia. Hofu yao ilikuwa kwamba leo ni tuktuk ya betri, kesho ni teksi, keshokutwa mlima umekuwa kama mji mwingine wowote na farasi hana kazi. Walikuwa pia na neno kuhusu kabro. Barabara kutoka Dasturi ilikuwa ikitandikwa kabro ili udongo mwekundu usisombwe na mvua, nao wakasema kwato zinateleza juu yake. Waliokuwa mbali wangeweza kudhani hayo ni malalamiko ya watu wasiotaka maendeleo. Mtu aliyewahi kumwona punda akianguka kwenye sakafu yenye maji hatayacheka.

Tarehe 6 Agosti 2025, miezi michache baada ya siku ya shangazi na kijana, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu B. R. Gavai iliamua kwamba mtu kumvuta mtu mwenzake kwa riksho, miaka 78 baada ya uhuru na katika nchi ambayo katiba yake inaahidi utu, kukome. Ilitoa muda wa miezi sita. Iliitaka serikali ya jimbo ibuni mpango wa kununua tuktuk za umeme na kuwakodishia wavutaji, ikatoa mfano wa mpango uliopo Kevadia katika jimbo la Gujarat, na ikaongeza kwamba ukosefu wa fedha hautakubaliwa kuwa sababu. Kuhusu kabro iliruhusu barabara kuu ya kutoka Dasturi hadi kwenye sanamu ya Shivaji mjini, ikakataza njia za ndani na zile za kutembelea msituni.

Amri hiyo inafaa kusomwa na kila mtu katika ukumbi huu kwa sababu imetenganisha mambo ambayo kwa kawaida hufungwa kitita kimoja. Mji ubaki bila magari: ndiyo. Mzigo wa kutokuwa na magari ubebwe na migongo ya maskini: hapana. Atakayeondolewa kwenye kazi ya zamani awe wa kwanza kupewa mpya. Katika vikao vya kukusanya maoni ya wananchi swali la bodaboda na tuktuk ziingie mjini hadi wapi hurudi kila mara, na kila mara husikika sauti ya mwenye duka na ya mwenye gari. Anayesukuma mkokoteni huwa kazini saa hiyo. Kule Matheran mtu wa mkokoteni ndiye aliyefungua kesi.

Rudini njiani kwa shangazi. Kilomita tatu amezimaliza kwa saa nzima, akipumzika kila penye jiwe la kukalia, na vumbi jekundu limempanda hadi pindo la kanga. Sokoni ananunua chikki, ambayo akiionja anasema ni kashata ya njugu iliyokwenda shule: njugu na sukari guru, nyembamba, imekatwa vipande sawasawa. Nyani wanaijua pia. Mmoja anampokonya kijana pakiti nzima mkononi na kuifungulia juu ya paa la duka, bila haraka. Muuza duka hasemi kitu. Anatoa pakiti ya pili na kuonyesha bei.

Mji wenyewe ni mdogo. Sensa ya 2011 ilihesabu wakazi wasiofika 5,000, na siku ya wikendi wageni huwazidi. Ziwa Charlotte, lililozingirwa na miti, ndilo chanzo cha maji ya mji, basi wageni hawaogi humo. Kuna zaidi ya sehemu thelathini za kusimama na kutazama bonde, zenye majina ya Kiingereza yaliyobaki: Louisa, Alexander, Panorama, Echo. Kwa siku moja na kwa magoti yale, zinatosha mbili. Kijana anamchagulia ziwa na Louisa, zilizo upande mmoja wa mji.

Louisa ni ukingo wa mwamba. Ardhi inakatika miguuni, na ng'ambo ya bonde umesimama mlima wenye ngome ya kale ya Prabalgad, umechongwa pande zote kama meza. Upepo unapanda kutoka chini. Shangazi, ambaye kwa wiki tatu ameona kuta za hospitali, korido za hospitali na lifti ya hospitali, anakaa juu ya kanga yake na hasemi neno kwa muda mrefu. Kijana anataka kumpiga picha, anakatazwa. Kisha anaombwa simu ampigie mgonjwa.

"Umekula?" ndilo swali la kwanza. La pili: "Nikuletee nini?"

Saa tisa wanaanza kurudi. Safari hii tuktuk ya betri ina nafasi moja, na kijana anamsukumizia shangazi ndani kabla hajaanza kubisha. Dereva ni mwanamume wa makamo mwenye mabega mapana. Haiwezekani kujua kwa kumtazama kama jana yake alikuwa mvutaji, ingawa shangazi anaamini hivyo, na anamlipa bila kuomba punguzo, jambo ambalo sokoni kwao hakuna aliyewahi kulishuhudia.

Kwa wale watakaokuwa Mumbai na siku moja mkononi: chukueni fedha taslimu ndogondogo, viatu vilivyofungwa, maji, na nguo msizozionea uchungu, maana udongo ule hautoki kwa dobi mmoja. Bei za farasi na tuktuk ulizeni kabla ya kupanda. Chikki ifichwe mfukoni.

Waendeshaji bodaboda waliokaa nyuma wameanza kunyoosha mikono tangu ilipotajwa kabro. Muda uliobaki ni wao.