Nyumba Iliyopewa Jina Baya

Leo na tuitazame nyumba moja iliyoko Ufaransa, katika kijiji cha Auvers-sur-Oise, kaskazini ya mji wa Paris. Mchoraji Paul Cézanne aliichora kwa rangi za mafuta mwaka 1873.

Picha yenyewe si kubwa: upana wake ni kama sentimita 66, na kimo chake 55. Ndani yake twaona kuta nene, njia iteremkayo, miti isiyo na majani, na mapaa ya kijiji kule chini. Hatuoni mtu hata mmoja. Rangi imepakwa nzito, tabaka juu ya tabaka, hata ukuta waonekana kana kwamba umekandikwa kwa mkono.

Lakini jina la picha hutushtua: “Nyumba ya Mtu Aliyenyongwa”. Tukisha kulisikia, twaanza kutafuta msiba katika kila dirisha. Kumbe haijulikani kwamba mtu yeyote alinyongwa humo! Wengine hueleza kwamba aliyekuwa mwenye nyumba alitoka Bretagne, na jina la ukoo wake lilisikika kama neno la Kifaransa la mtu aliyenyongwa. Basi midomo ya watu ikafanya kazi yake.

Mwaka 1874 picha hiyo ilionyeshwa Paris. Wengi walizidhihaki kazi za Cézanne, lakini Armand Doria akainunua hii. Leo imetunzwa katika Musée d'Orsay, na watu hutoka mbali kuja kuitazama. Hata hivyo, lile jina halijabanduka.

Wapendwa, ulimi hauna mfupa. Je, katika mitaa yetu hamna nyumba za namna hii? Mjane aitwa mchawi, na watoto wakatazwa kupita mlangoni pake. Kijana aitwa mwana wa mwizi, naye hajaiba hata sindano. Mtu ameacha pombe miaka kumi, nasi twazidi kuelekeza wageni “kwa yule mlevi”. Picha haiumizwi na jina lake. Mtu huumia, na wanawe hurithi.

Juma hili, kabla hatujalirudia jina baya, na tuulize: ni nani aliyeona? Kisha twende kwenye nyumba hiyo, tupige hodi, tuketi na wenyewe. Tukitoka, tuwaite kwa majina waliyopewa na wazazi wao.